Uimarishaji wa nguzo za zege

Uimarishaji wa nguzo za zege ni kazi ya kihandisi ya kuiongezea nguvu nguzo ya zege lenye nondo ambayo tayari imebeba jengo, ama ili ibebe mzigo mkubwa zaidi, ama ili irudishiwe uwezo ilioupoteza. Ni tofauti na kupiga lipu juu ya nyufa, jambo linaloficha ubovu bila kuuondoa.

Jijini Dar es Salaam kazi hiyo huhitajika hasa pale nyumba za chini zinapogeuzwa kuwa maghorofa. Katika kata kama Kipawa, wilaya ya Ilala, jirani na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, nguzo ya milimita 230 kwa 230 inaweza kutosha kabisa kwa nyumba yenye paa la bati. Ghorofa mbili juu yake ni habari nyingine. Nguzo ikishindwa, haifi peke yake: mzigo wake huhamia kwa jirani zake, nazo hulemewa, na jengo lote linaweza kushuka kwa muda mfupi. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine lilianguka Kariakoo likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani, na watu zaidi ya 20 walifariki.

Sababu za udhaifu

Zege huvumilia sana kubanwa lakini huvumilia kidogo kuvutwa, ndiyo maana huwekwa nondo. Ndani ya zege zuri nondo hazipati kutu, kwa kuwa saruji huleta hali ya alikali. Hewa ya ukaa ikipenya, au chumvi ya pwani ikifika kwenye chuma (iwe kwa upepo wa bahari au kwa mchanga wa ufukweni uliotumika kinyume cha ushauri), ulinzi huo huondoka. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo husukuma zege hadi lipasuke kwa kufuata mstari wa nondo. Ufa wa wima kwenye kona ya nguzo ni dalili ya kuangaliwa mapema.

Sababu nyingine ni za siku ya ujenzi: maji mengi mno katika mchanganyiko, zege lisiloshindiliwa likabaki na matundu, kutomwagilia maji baada ya kufungua mbao, na ringi zilizowekwa mbalimbali. Ringi hudharauliwa kuliko yote, ingawa ndizo zinazozuia nondo za wima zisipinde kuelekea nje. Kwa nondo za milimita 12, kanuni ya Uingereza ya BS 8110 huruhusu nafasi isiyozidi milimita 144 kati ya ringi na ringi.

Njia za kuimarisha

Kabla ya yote mhandisi hupima. Nyundo ya Schmidt hukadiria ugumu wa uso wa zege, lakini jibu la kuaminika zaidi hutokana na vipande vinavyokatwa kutoka kwenye nguzo na kubanwa maabara hadi vivunjike.

Njia iliyozoeleka zaidi ni kuivika nguzo zege jipya. Sakafu ya juu hushikiliwa kwanza kwa mirunda au jeki. Hatua hii hurukwa mara nyingi, na hapo ndipo kosa lilipo: nguzo ikivikwa huku imebeba mzigo wote, zege jipya hubeba zaidi ule utakaoongezwa baadaye, na nguzo ya zamani hubaki na mateso yake. Kisha zege bovu hubomolewa, kutu husuguliwa, uso hukwaruzwa ili zege jipya lishike, nondo na ringi mpya hufungwa, na zege humwagwa.

Nguzo ya milimita 230 ikiongezwa milimita 100 kila upande huwa ya milimita 430, na eneo lake huongezeka takriban mara tatu na nusu. Lakini kwa urefu wa mita 3 zege hilo jipya lina uzito unaokaribia kilo 950, na msingi lazima uweze kuubeba pamoja na ghorofa inayokuja. Nondo mpya zinapaswa kuanzia kwenye msingi na kupenya sakafu. Zikiishia chini ya dari, kilichoongezwa ni unene tu.

Njia ya pili ni vyuma vya pembe kwenye kona nne, vikiunganishwa kwa mabamba yaliyochomelewa. Haichukui nafasi kubwa, ila karibu na bahari huhitaji kinga dhidi ya kutu. Ya tatu ni kuzungushia kitambaa cha nyuzi za kaboni kwa gundi ya epoksi. Ni nyepesi na ya haraka, lakini ni ghali, hufanya kazi vizuri zaidi kwenye nguzo za duara (kona za nguzo ya mraba huviringishwa kwanza), na gundi hulainika kwa joto la moto.

Usimamizi

Nchini Tanzania wahandisi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na makandarasi na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Kuongeza ghorofa huhitaji kibali cha ujenzi kutoka halmashauri, ambayo kwa Kipawa ni Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Pale msingi usipotosha na nondo zikiwa zimeliwa na kutu sehemu kubwa, kubomoa na kujenga upya huweza kuwa nafuu kuliko kuimarisha.