Washindi Wasioalikwa

Katika mwaka 1951 Chuo Kikuu cha San Francisco, katika jimbo la California, kilikuwa chuo kidogo chenye mali haba, kikiongozwa na mapadre wa Shirika la Yesu. Na timu yake ya mpira wa Kimarekani, iliyoitwa Dons, ilicheza mechi 9 msimu ule ikashinda zote. Ulipokwisha msimu haikualikwa popote, na baada ya muda mfupi ikavunjwa. Habari hii imesimuliwa mara nyingi huko Marekani, na kama ilivyo ada ya habari zipendwazo, imetiwa chumvi. Lakini hata chumvi ikiondolewa, yaliyobaki yatosha kumshughulisha msomaji ambaye hajapata kuuona mchezo wenyewe.

Mchezo huo si kandanda tuijuayo. Huchezwa na watu 11 kila upande, wamevaa kofia ngumu na mito ya mabegani, katika uwanja wa urefu wa yadi 100, na mpira wake, ambao una ncha mbili, hushikwa mikononi zaidi kuliko kupigwa teke. Upande wenye mpira hupewa majaribio manne ili usogee mbele yadi 10. Ukifaulu hupewa mengine manne, ukishindwa humwachia hasimu wake. Na mtu auvukishaye mpira mstari wa mwisho huipatia timu yake alama 6. Kwa kuwa hasimu ana ruhusa ya kumkamata mwenye mpira na kumbwaga chini, kazi ya walio wengi ni kukabiliana kifua kwa kifua na adui ili mwenzao mmoja apate upenyo wa kukimbia. Mkimbiaji hupata sifa. Waliomfungulia njia hupata maumivu.

Mkimbiaji wa Dons alikuwa Ollie Matson, kijana mweusi mzaliwa wa Trinity katika jimbo la Texas, aliyekuwa na mwili wa mbeba mizigo na mbio za mshindani wa riadha. Msimu ule alikimbia na mpira jumla ya yadi 1,566 na kuvuka mstari wa mwisho mara 21, akawapita wakimbiaji wote wa vyuo vya Marekani. Dons waliposafiri hadi New York kucheza na Fordham, nacho ni chuo cha mapadre wa shirika lile lile, wapinzani waliupiga mpira mbali wa kuanzia, Matson akaudaka karibu na mstari wa kwao, akakimbia nao zaidi ya yadi 90 bila ya kushikwa. Na kana kwamba wenyeji hawakusadiki waliyoyaona, katika mechi hiyo hiyo akafanya vile vile mara ya pili. Dons wakashinda kwa 32 dhidi ya 26. Mwaka uliofuata Matson alikwenda Helsinki katika michezo ya Olimpiki akarudi na nishani mbili, ya shaba katika mbio za mita 400 na ya fedha katika mbio za kupokezana vijiti.

Mbele yake walisimama watu wa ajabu. Gino Marchetti, mwana wa wahamiaji wa Kiitalia, alikuwa amekwisha pigana vita vikuu huko Ulaya kabla ya kuja chuoni, na husimuliwa kwamba alifika amepanda pikipiki na kuvaa koti la ngozi, jambo ambalo halikumfurahisha mwalimu wake. Bob St. Clair alikuwa na kimo cha futi 6 na inchi 9, na alikuwa akila nyama mbichi, hata maini, mbele ya wenziwe waliokuwa wakijaribu kumaliza chakula chao. Burl Toler, kijana mweusi kutoka Memphis, alikuwa mlinzi ambaye wenziwe wengi walimhesabu kuwa bora kuliko wote. Matson na Toler walikuwa ndio watu weusi wawili tu katika kikosi kile.

Mwalimu wa timu, Joe Kuharich, alikuwa mtu mkali asiyependa mzaha; aliwachukua vijana wake kabla ya msimu mpaka mji mdogo wa Corning, kaskazini ya California, akawafanyisha mazoezi katika joto kali hata wakadhani kuwa mechi zenyewe zingekuwa mapumziko. Na kijana aliyeandika habari za timu na kuwabembeleza waandishi wa magazeti wazichape aliitwa Pete Rozelle. Jina hilo tutalikuta tena.

Matokeo yao hayana haja ya kuorodheshwa. Ila mechi moja yastahili kutajwa, ile ya mwezi wa Novemba katika mji wa Stockton, walipokabiliana na College of the Pacific, timu iliyokuwa na sifa kubwa pande zile, wakaitandika 47 kwa 14. Wiki iliyofuata walikwenda Pasadena, wakaishinda Loyola 20 kwa 2 katika uwanja mashuhuri wa Rose Bowl, na hesabu yao ikatimia.

Hapa yapasa nieleze desturi moja. Zama zile vyuo vya Marekani havikuwa na mashindano ya mtoano ya kumpata bingwa. Badala yake, miji fulani, iliyo mingi ikiwa ya Kusini, ilialika timu mbili hodari zicheze siku ya mwaka mpya au karibu yake. Miami ilikuwa na Orange Bowl, New Orleans ilikuwa na Sugar Bowl, Jacksonville ilikuwa na Gator Bowl. Mwaliko ulikuwa fahari, na zaidi ya fahari ulikuwa fedha, kwa maana chuo kilichoalikwa kiligawiwa sehemu ya mapato. Na Dons walikuwa na dhiki ya fedha. Uwanja wao wa Kezar uliweza kuchukua watu karibu 60,000, lakini watu hao walikuwa wamekwisha pata timu ya kulipwa, 49ers, iliyocheza papo hapo. Chuo jirani cha Saint Mary's kilikuwa kimeacha mchezo huo baada ya msimu uliotangulia.

Wachezaji wamesimulia kwamba habari waliyofikishiwa ilikuwa hii: mwaliko wa Kusini ungepatikana, kwa sharti Matson na Toler wabaki nyumbani. Wakakataa kwa kauli moja, wala hawakuhitaji mjadala mrefu. Sababu iliyotajwa hadharani na wenye mechi ilikuwa nyingine, kwamba Dons walicheza na timu dhaifu. Na kwa kweli miongoni mwa waliowashinda zilikuwamo timu mbili za kambi za kijeshi, na orodha ya waandishi wa habari iliwaweka nafasi ya 14 tu. Lakini hoja hiyo yapungukiwa na nguvu mtu akikumbuka kwamba College of the Pacific, waliopigwa 47 kwa 14, walialikwa El Paso, Texas, kucheza Sun Bowl. Timu hiyo nayo ilikuwa na mchezaji mweusi, Eddie Macon, jambo lionyeshalo kwamba si kila mlango wa Kusini ulikuwa umefungwa kwa kufuli moja. New Orleans haikumwona mchezaji mweusi katika Sugar Bowl mpaka Bobby Grier wa Pittsburgh mwaka 1956, na hata hapo gavana wa Georgia, jimbo la timu pinzani, alipiga kelele kuzuia.

Wapo wasimuliao kisa hiki kana kwamba vijana weupe waliwafanyia wenzao weusi hisani. Mimi sioni hivyo. Bila ya Matson na Toler pasingekuwa na ushindi wa kualikiwa. Na walichokataa wale wengine ni kuambiwa na wageni nani ni mwenzao na nani siye. Gharama yake ilikuwa kubwa: fedha za mwaliko hazikuja, na chuo kikaifuta timu.

Wachezaji wakatawanyika. Matson, Marchetti na St. Clair waliingia katika jumba la heshima la mchezo wa kulipwa, watu watatu wa kikosi kimoja cha chuo kidogo. Rozelle akawa mkuu wa ligi ya kulipwa, NFL, mwaka 1960, naye pia akatiwa katika jumba hilo. Toler aliumia goti mwaka 1952 asicheze tena; akawa mwalimu wa shule, na mwaka 1965, Rozelle akiwa madarakani, akawa mwamuzi wa kwanza mweusi wa ligi hiyo. Mwaka 1980 alichezesha fainali kuu, Super Bowl, mjini Pasadena, katika uwanja ule ule walikomalizia msimu wao.

Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha San Francisco kiliwatunukia wachezaji wale shahada za heshima za udaktari. Ilikuwa haki yao, lakini kwa rai yangu ilichelewa mno: Rozelle alikuwa amefariki miaka 10 nyuma, na mwalimu Kuharich tangu mwaka 1981.