Kuganda na Kugeuka Kioo

Neno kuganda limebebeshwa mzigo mkubwa katika lugha yetu. Maji huganda, damu huganda, maziwa huganda, na samli nayo huganda. Katika mazungumzo hapana dhara. Lakini mfasiri wa kitabu cha fizikia akilitumia neno hilo hilo kueleza jinsi kioo kinavyopatikana, atakuwa amemfundisha mwanafunzi jambo lisilo kweli.

Tuchukue mfano wa sukari, zao linalojulikana sana mkoani Morogoro kwa sababu ya viwanda vya Kilombero na Mtibwa. Kiwandani maji ya miwa hupikwa hadi yawe mazito, na molekuli za sukari hupata nafasi ya kujipanga safu kwa safu. Zile chembe tunazotia katika chai ni fuwele. Sukari hiyo hiyo ikiyeyushwa sufuriani kisha ikamiminwa juu ya sinia baridi, hupoa upesi kuliko molekuli zake zinavyoweza kujipanga. Huteremka chini ya kiwango chake cha kuyeyuka, karibu nyuzi 186 za Selsiasi, ikiwa bado kioevu. Kadiri inavyopoa ndivyo mnato wake unavyozidi, na ifikapo kati ya nyuzi 60 na 70 molekuli hukwama pale pale zilipo. Donge linalopatikana ni gumu na huvunjika kama bilauri, ilhali mpangilio wake wa ndani ni wa kioevu.

Maji yanapoganda hutoa joto lililofichika ndani yake, tena katika halijoto moja maalumu. Kugeuka kioo hakutoi joto la namna hiyo, wala halijoto yake si moja: kioevu kikipozwa polepole hushuka, kikipozwa haraka hupanda. Ndiyo maana wanafizikia wamekubaliana tu kuweka mpaka pale mnato unapofikia takriban mara 1,000,000,000,000,000 ya ule wa maji. Sababu hasa ya mnato kupanda hivyo ingali ikijadiliwa.

Mng'ao nao usitudanganye. Ulanga uliochimbwa katika Milima ya Uluguru enzi za Wajerumani hupitisha mwanga, na madini hayo yalitiwa katika vidirisha vya majiko na taa badala ya kioo. Hata hivyo ulanga ni fuwele halisi, na hubanduka karatasi kwa karatasi.

Kwa hiyo, katika fizikia, tunapendekeza kuganda kubaki kwa kioevu kinachokuwa fuwele, badiliko lile jingine liitwe kugeuka kioo, na hali yenyewe iitwe ukioo. Kuhusu kioevu kilichopita kiwango cha kuganda bila kuganda, mfasiri anaweza kuvutwa kuandika "kioevu baridi sana". Hatuafiki. Kioo cha dirishani hugeuka kioo katika nyuzi zipatazo 550, na hakuna awezaye kuiita hiyo baridi. Afadhali "kioevu kilichopitiliza". Ni kirefu kidogo, lakini hakimpotezi msomaji.