Nyanya Zetu na Jumba la Sinema

Kijana wa leo akiambiwa kwamba nyanya yake, aliyemzoea na kanga na tasbihi, alikuwa mpenzi mkubwa wa sinema, hudhani anafanyiwa mzaha. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Katika miaka ya 1950 na 1960, majumba kama Regal na Naaz hapa Mombasa, na Majestic kule Unguja, yaliwapokea watu wa kila rika, na wanawake wa mjini hawakuwa wachache miongoni mwao.

Yalikuwapo maonyesho ya wanawake pekee, yakiitwa zanana, neno lililotujia kutoka Bara Hindi. Asiyeweza kukaa ukumbi mmoja na wanaume ajinabi alipata saa zake. Walikwenda kwa makundi: mama na binti, mawifi, majirani wa mtaa mmoja, wamevaa mabuibui yao na kuandamana na watoto. Filamu ya Kihindi ilichukua karibu saa tatu, na lugha yake wengi hawakuijua. Aliyeelewa alimfasiria mwenzake, na kilio hakikuhitaji mkalimani. Katika Mother India, ya mwaka 1957, mama anampiga risasi mwanawe wa kumzaa kwa sababu amemteka binti wa watu. Ni lipi zito zaidi, damu yako au heshima ya msichana wa nyumba nyingine? Swali hilo si geni kwetu. Nyimbo nazo zilitoka ukumbini zikaingia harusini. Juma Bhalo alizitia mahadhi ya Kihindi tungo za Kiswahili, na mashabiki wake wakubwa walikuwa akina mama hao hao.

Miaka ya 1980 ikaleta kanda za video. Wa kwanza kuupa ukumbi mgongo walikuwa watu wazima na wanawake, kwani filamu sasa ilikodiwa na kutazamwa sebuleni. Wapo wasemao kwamba huko ndiko kusitirika, nami sibishani nao sana. Ila jumba lililopoteza familia lilibaki mikononi mwa vijana wa kiume na filamu za ngumi, na kadiri lilivyokuwa lao, ndivyo baba alivyozidi kumkataza bintiye kukanyaga pale. Majumba yakafungwa moja baada ya jingine. Vibanda vya video vilivyofuata, pamoja na mpira wa Ulaya, havikuwa na nafasi ya mwanamke hata kidogo.

Leo ukumbi wa kisasa uko Nyali, na wanaouendea zaidi ni vijana na familia changa zenye uwezo. Hata Saudia, baada ya miaka zaidi ya 35, ilifungua tena sinema mjini Riyadh mwezi Aprili 2018, nchi ambayo raia wake wengi ni vijana.

Kinachonishughulisha mimi ni nyumba zetu. Watu watano huketi sebule moja, kila mmoja na simu yake, na mtoto wa miaka kumi ameziba masikio. Anachokitazama hakuna ajuaye. Ilhali filamu zile za zamani zimo humo humo katika intaneti. Mjukuu akiifungua mojawapo kwenye televisheni baada ya Isha, atastaajabu kuona nyanya anaujua wimbo kabla haujaanza, na anajua ni wapi pa kumfumba macho mdogo wake.