Mgongo kubana mishipa: Kabla hamjauza kiwanja, ulizeni upasuaji upi

Huenda nyumbani kwenu yupo mzee ambaye swala ya Tarawehe imemshinda. Akisimama kwa muda kiuno kinauma, miguu inakuwa mizito na kuingia ganzi. Ajabu ni kuwa akirukuu anapata nafuu, na akikaa maumivu yanatulia. Baiskeli anaendesha, lakini kwenda msikitini kwa miguu hupumzika njiani mara mbili tatu. Watu husema ni uzee tu, au kapigwa na jini.

Ndani ya uti wa mgongo kuna mfereji unaopitisha mishipa ya fahamu iendayo miguuni. Umri unapopita miaka 50, aghalabu diski huchakaa, viungo vya pingili huota mfupa na kano huwa nene. Mfereji unakuwa mwembamba na mishipa inabanwa. Ukisimama wima unabana zaidi, ukiinama unatanuka. Ndiyo siri ya ile nafuu ya rukuu.

Si kila mgonjwa anahitaji kisu. Kwanza ni mazoezi ya viungo na dawa za maumivu. Upasuaji hufikiriwa pale ambapo matibabu ya miezi kadhaa hayakusaidia, mgonjwa hawezi kutembea, na kipimo cha MRI kinaafikiana na dalili zake.

Njia kuu ni tatu:

1. Kupanua mfereji. Daktari anaondoa mfupa na kano zinazobana mishipa.

2. Kupanua na kuunganisha pingili kwa skrubu na vyuma. Pingili zilizounganishwa hazikunjiki tena, na za jirani hubeba mzigo zaidi.

3. Kupachika kifaa kati ya miiba ya pingili ili kuzitenganisha.

Wengi hudhani palipo na vyuma ndipo penye tiba ya uhakika. Utafiti wa Sweden uliotolewa mwaka 2016, kwa wagonjwa 247, ulionyesha kuwa waliounganishwa pingili walilazwa siku nyingi zaidi, walipoteza damu zaidi na gharama ilikuwa kubwa, lakini baada ya miaka miwili hawakuwa na hali bora kuliko waliopanuliwa mfereji tu. Mwaka 2021 utafiti wa Norway kwa wagonjwa 267, ambao pingili yao moja ilikuwa imeteleza, ulionyesha kuwa kupanua peke yake hakukuwa duni. Kuhusu kifaa, utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2013 ulikuta kuwa waliopachikwa walirudiwa upasuaji mara nyingi zaidi.

Hii haina maana kuwa vyuma havina kazi. Pingili ikiwa imelegea sana, au mgongo umepinda, huenda vikahitajika. Kwa hiyo mwulizeni daktari: Kwa nini vyuma kwa mzee wetu? Je, kupanua tu hakutoshi? Tutegemee nini? Fahamuni pia kuwa upasuaji huu huondoa zaidi maumivu ya miguu kuliko ya mgongo wenyewe. Mwenye kisukari adhibiti sukari kwanza, na mvutaji sigara aache.

Tahadhari! Mgonjwa akianza kushindwa kuzuia mkojo au haja, mkojo ukigoma kutoka, au akipata ganzi sehemu za siri, msiishie kuuliza hukumu ya udhu wake. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, maana mishipa ikibanwa hivyo kwa muda mrefu huenda isirudi.

Na wakati wa kuuguza, msimlazimishe kusimama. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Imran bin Huswayn (r.a.), aliyekuwa mgonjwa, aswali kwa kukaa akishindwa kusimama, na kwa ubavu akishindwa kukaa. Mwekeeni kiti safini bila kumwonea haya.

Kutafuta tiba ni katika mafundisho ya Uislamu, na kuuliza kabla ya kutibiwa ni katika busara. Mwenyezi Mungu (s.w.) awaponye wagonjwa wetu. Amin.