Kodi ya nyumba ndani ya LUKU

Mpangaji wa Ilomba, Mbeya, akinunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, wa shilingi 5,000 kwa mara ya kwanza ndani ya mwezi, 1,500 hukatwa kabla uniti hazijahesabiwa. Hiyo ni kodi ya majengo. Kisheria anayedaiwa ni mwenye nyumba, ila anayelipa ni yule ambaye umeme umemkatikia. Ana haki ya kurudishiwa, lakini nani atamgongea baba mwenye nyumba mlango kwa ajili ya 1,500, wakati hata makubaliano ya pango yalikuwa ya mdomo?

Nyumba kutozwa kodi si jambo geni huku Nyanda za Juu Kusini. Wajerumani waliitangaza kodi ya vibanda mwaka 1897, Mkwawa, mtawala wa Wahehe, akiwa bado anapambana nao Iringa, na ikawasukuma watu kwenda vibaruani kutafuta rupia.

Sheria ya mwaka 1983 iliiweka kodi ya majengo mikononi mwa mamlaka za miji. Jengo lilithaminiwa, ankara ikaletwa, na mwenye nyumba alijua ofisi ya kwenda kuulizia taka zisipozolewa. Mwaka 2016 ukusanyaji ukahamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA). Baadaye viwango maalumu vikachukua nafasi ya thamani, na Agosti 2021 kodi ikaingizwa kwenye LUKU: 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 5,000 kwa kila ghorofa mjini. Mwaka 2023 vikapanda hadi 1,500 na 7,500.

Foleni za kulipia kodi hii zimekwisha, na hilo ni jema. Kinachoniuma ni usawa usio wa haki. Nyumba ya chini yenye vyumba vinane, uzio na bustani kule Gangilonga, Iringa, inalipa 18,000 kwa mwaka. Ya vyumba viwili, Mwanjelwa, inalipa 18,000 hiyo hiyo. Wakati huo mama anayepanga viazi mafungu sokoni Uyole anadaiwa ushuru, auze asiuze, kwa sababu halmashauri inalazimika kutafuta fedha pale inapofika mkono wake. Thamani ya majengo irudi kwenye hesabu, na jiji lirudishiwe sauti juu ya kodi hii.

Mzee wa miaka 60 na zaidi, asiye na kipato, anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe, amesamehewa. Lakini mita haijui umri wa mtu. Asipopeleka maombi, kila mwezi atakatwa kama wengine.