Fomu Inayomsemea Mzee wa Kibera

Kati ya karatasi zinazomfuata mzee wa Kibera anapougua, fomu ya rufaa ya jamii, ambayo Wizara ya Afya imeipa namba MOH 100, inastahili kusomwa kwa makini, kwa kuwa ni miongoni mwa karatasi chache ambazo mtu asiye daktari huziandika ili daktari azisome. Sehemu ya kwanza hujazwa na mhamasishaji wa afya ya jamii, yaani mkazi wa mtaa huohuo aliyefunzwa kutembelea kaya zipatazo 100, naye huandika jina la mgonjwa, tatizo kuu aliloliona, huduma aliyokwisha kuitoa na namba yake mwenyewe ya simu. Sehemu ya pili ni ya majibu: mhudumu wa kituo hueleza humo yale ambayo mgonjwa atafanyiwa akirudi nyumbani. Hivyo nyanya wa Lindi au Makina, vijiji vya Kibera, ambaye watoto wake wako vibaruani tangu alfajiri, hufika hospitali ya Mbagathi akiwa na mtu wa kumsemea.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 57, inawapa wazee haki ya kutunzwa na familia na Serikali. Kwa upande wa Serikali, wahamasishaji walikabidhiwa mikoba ya vipimo mnamo Septemba 2023, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, kiasi ambacho ni kidogo mno kwa mzigo wanaoubeba.

Kwa jicho la mhamasishaji, kupima presha ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Uzito uko katika kuuliza ni nani atakayempa mzee dawa za jioni, ni simu ya nani iliyotumika kumsajili katika SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyorithi kazi ya NHIF Oktoba 2024, na kama mzee mwenyewe ameelewa alichoambiwa, maana mwana anayejibu kwa niaba ya mamake mara nyingi hutaja yale anayoyamudu yeye.

Hata hivyo, fomu hiyo haina mstari wa kuandika anachotaka mzee. Watoto wakiamua arudishwe ushago, naye akasisitiza kubaki karibu na majirani waliozeeka pamoja naye, mhamasishaji hana mamlaka ya kisheria ya kuwapinga, na kesho atabisha mlango uleule akihitaji kufunguliwa. Je, amsemee mzee mbele ya wanaomlisha? Na akinyamaza, ni nani mwingine aliyepewa kazi hiyo?