MADHEHEBU MENGI YA MAREKANI YALITOKA WAPI?

Ndugu msomaji, huenda kijijini kwako wapo Wasabato, au Wapentekoste, au Wamennonite. Je, unajua kwamba wengi wao wana historia inayofika Marekani? Kanisa la Wasabato liliundwa huko mwaka 1863. Kanisa la Assemblies of God liliundwa huko mwaka 1914. Nao wamisionari Wamennonite waliofika Shirati, katika mkoa wa Mara wa sasa, mwaka 1934, walitoka jimbo la Pennsylvania.

Hayo ni machache tu. Mwaka 2020 watafiti walihesabu makundi ya dini ya Marekani. Walipata makundi 372, na mengi yao ni ya Kikristo. Mahali pa ibada palizidi 350,000.

Hebu tujiulize. Kristo ni mmoja, na Biblia ni moja. Mbona makanisa ni mengi hivyo?

SHERIA ILIFUNGUA MLANGO

Zamani Marekani ilikuwa koloni la Waingereza. Baadhi ya Wazungu waliohamia huko walikimbia kuonewa kwao kwa sababu ya dini. Lakini wengine, walipopata nguvu, waliwaonea wenzao vile vile. Katika jimbo la Massachusetts palikuwa na kanisa rasmi. Mama mmoja, Mary Dyer, alikuwa wa dhehebu la Marafiki, yaani Wakweka. Alifukuzwa mjini Boston akaambiwa asirudi. Yeye akarudi. Mwaka 1660 alinyongwa.

Huko Virginia watu walitozwa kodi ya kulitunza kanisa la Kianglikana, hata wale wasiosali humo. Wahubiri wa Kibaptisti waliohubiri bila kibali walitiwa ndani.

Watu walichoka na mambo hayo. Baada ya uhuru, mwaka 1791, kifungu kipya kiliongezwa katika Katiba. Kinasema kwamba Bunge lisitunge sheria ya kuweka dini ya taifa, wala ya kuwazuia watu kufuata dini zao. Majimbo nayo yaliacha makanisa yao rasmi, moja baada ya jingine. Massachusetts iliacha mwisho, mwaka 1833.

Maana yake ni nini? Ni kwamba serikali haimlipi mchungaji wa usharika mshahara. Waumini wenyewe ndio wanaotoa sadaka. Tena mtu asiyeridhika anaondoka zake, anakusanya wenzake na kuanzisha kanisa lake. Wakimwamini, linakua. Wasipomwamini, linakufa.

MAKANISA MAKUBWA

Kanisa Katoliki ndilo kubwa kuliko yote. Lilikuwa na watu karibu milioni 62 katika hesabu ya mwaka 2020. Lilikuzwa na wahamiaji kutoka Ireland, Italia na Poland, na baadaye kutoka Mexico na nchi nyingine za jirani. Papa Leo wa 14, aliyechaguliwa Mei 2025, alizaliwa Chicago.

Katika makanisa ya Kiprotestanti, kubwa zaidi ni Umoja wa Wabaptisti wa Kusini. Mwaka 2023 ulikuwa na waumini karibu milioni 13. Hawa hawabatizi watoto wachanga. Anabatizwa mtu aliyeamini mwenyewe. Kila usharika unachagua mchungaji wake na unamiliki nyumba yake ya ibada.

Halafu yapo makanisa yasiyo na dhehebu lolote. Kila moja linasimama peke yake. Yakijumlishwa, yalikuwa na watu karibu milioni 21 mwaka 2020.

MAKANISA MADOGO

Waamishi ni ndugu wa karibu wa Wamennonite. Walihamia Pennsylvania kutoka Ulaya katika karne ya 18. Mpaka leo wengi wao wanasafiri kwa magari ya farasi, na majumbani mwao hawavuti umeme wa gridi. Kwa kawaida hawana jengo la kanisa. Wanasali nyumbani, zamu kwa zamu. Familia zikizidi kiasi, usharika unagawanywa kwa amani, unakuwa miwili. Mwaka 1972 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliwaruhusu kuwatoa watoto wao shule baada ya darasa la nane. Wanazaa watoto wengi, na sasa wanakadiriwa kuwa karibu 400,000.

Washeka ni tofauti. Kiongozi wao, Ann Lee, alitoka Uingereza mwaka 1774. Washeka hawaoi wala hawaolewi, na mali yao ni ya wote. Zamani walikuwa maelfu. Lakini kanisa lisilozaa watoto hutegemea wageni wa kujiunga, na wageni walipungua. Sasa wamebaki wachache sana katika jimbo la Maine. Unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

WALIOGAWANYIKA, KWA NINI?

Hapa ndipo penye somo. Mgawanyiko mmoja si sawa na mwingine.

Richard Allen alizaliwa mtumwa mwaka 1760. Alijinunua, akawa huru, akawa mhubiri wa Kimethodisti mjini Philadelphia. Siku moja watu weusi walikuwa wamepiga magoti wakisali kanisani. Wasimamizi weupe walimshika mwenzao, Absalom Jones, wakamwinua kwa nguvu ili aondoke mahali pale. Weusi wakangoja sala iishe, wakatoka wote pamoja. Mwaka 1794 Allen alifungua kanisa la Betheli. Mwaka 1816 makanisa ya watu weusi yaliungana kuwa dhehebu, na Allen akawa askofu wao wa kwanza. Dhehebu hilo liko hai mpaka leo.

Sasa tazama upande wa pili. Wabaptisti wa Kusini nao walijitenga, mwaka 1845. Sababu? Wenzao wa Kaskazini walikataa kumtuma mmisionari mwenye watumwa. Wao waliona ni haki yake. Iliwachukua miaka 150, mpaka 1995, kukiri makosa na kuomba radhi.

Ugomvi haujaisha. Kati ya mwaka 2019 na 2023 sharika zaidi ya 7,000 zilitoka katika Kanisa la Muungano la Methodisti. Walibishana juu ya ndoa za watu wa jinsia moja, na kama watu hao wanaweza kuwa wachungaji. Hapo likaja swali gumu: jengo ni la nani? Kwa Wamethodisti, jengo hushikwa kwa niaba ya dhehebu zima. Hivyo sharika nyingi zililipa fedha kwanza ndipo zikaondoka na majengo yao. Waumini wengine walipoteza kanisa walilobatiziwa, kwa sababu wenzao walio wengi walipiga kura tofauti.

Basi, ndugu msomaji, mlango uliofunguliwa mwaka 1791 ni mmoja. Allen na wenzake waliupita ili wasali bila kudharauliwa. Wengine waliupita ili wabaki na watumwa wao. Kwa hiyo ukubwa wa kanisa, au jina zuri lililoandikwa mlangoni, havitoshi kukuambia habari zake. Uliza walitoka wapi, na walitoka kwa sababu gani. Uliza pia fedha zinashikwa na nani, na jengo limeandikwa kwa jina la nani.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini Mary Dyer alinyongwa?
2. Richard Allen na Wabaptisti wa Kusini wote walijitenga. Tofauti yao ni nini?
3. Waumini wakigombana na kutengana, jengo walilojenga kwa sadaka zao liwe la nani? Toeni sababu zenu.